Chelel wa Mkia Mweupe

Kiprono, mtoto wa shangazi yangu, alinitumia ujumbe akisema nimalizie yuloji ya Kogo kabla ya saa nane, kwa sababu mtu wa kuchapisha programu kule Bomet hufunga mapema. Nyanya yetu tulimwita Kogo, kama wanavyoitwa nyanya wote wa kwetu. Kiprono alikuwa ameandika kila kitu: alikozaliwa, alipobatizwa, alivyoolewa, alivyougua. Mwishoni aliacha nafasi tatu wazi. Ameacha watoto nukta nukta, wajukuu nukta nukta, vitukuu nukta nukta. Kazi yangu ilikuwa kutia tarakimu, basi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na Kiprono aliona amenipa kazi rahisi kuliko zote.

Nilikaa na ile karatasi jikoni kwa Kogo saa nzima bila kuandika kitu. Nyuma ya mlango kulikuwa na gunia la majani chai ambalo mtu alisahau kulipeleka kwenye kituo cha kununulia msiba ulipoingia, na majani yalikuwa yameanza kunyauka na kupata joto ndani kwa ndani. Mliolelewa kwenye chai mnaijua harufu hiyo, tamu kidogo, kama tunda lililosahaulika kwenye mkoba wa shule. Ilinirudisha moja kwa moja kwenye likizo ya mwezi wa nane nilipokuwa darasa la tatu, wakati ule nchi mbili jirani zetu zilipopigana na sisi tukasema hatumo.

Wa rika langu mnaukumbuka wakati huo. Chifu alituita baraza kwenye uwanja wa shule akatueleza kwamba nchi yetu haipigani na mtu wala haimpendelei mtu, na kwamba hakuna ndege ya vita ya upande wowote itakayoruhusiwa kupita juu yetu kwenda kumpiga mwenzake. Alimaliza kwa maneno ambayo baadaye hata watoto wa nasari waliyaimba: anga yetu si njia. Watu walipiga makofi. Mimi niliangalia juu kutafuta ua, kwa sababu sikujua mpaka usiokuwa na ua.

"Ni kama shamba," baba aliniambia tukirudi nyumbani. "Hao wawili wamekosana, sawa, hiyo ni maneno yao. Lakini mmoja asipitishe ng'ombe kwa chai yetu ati anaenda kupigana na mwenzake. Akipitisha, tunafukuza."

"Na akikataa kufukuzwa?"

"Hawezi kataa."

"Na tukimfukuza, si hapo tumepigana?"

Baba alisema niangalie mahali ninakanyaga, kuna matope. Nilikuwa mtoto wa maswali, na watu wazima wa wakati ule walikuwa na matope mengi ya kunionyesha.

Ndege zetu zilitoka mashariki, upande wa Bonde la Ufa, zikapita juu ya kilima chetu hapa karibu na Silibwet, zikaelekea magharibi kulinda mpaka, kisha zikarudi kwa njia ileile. Ilisemekana mitambo ya jeshi haioni vizuri katikati ya milima yetu na ukungu wake. Kwa hiyo kila kituo cha kununulia majani kilichokuwa juu ya kilima kilipewa simu nyeusi ya kuzungusha mkono. Ndege zikipita kwenda, unapiga simu unasema ni ngapi. Zikirudi, unapiga tena unasema ni ngapi. Hivyo kama moja imepotea, watu wa uwanja wa ndege wanajua imepotelea upande gani wa kilima. Hata mimi nililielewa hilo, na ndilo jambo la pekee nililolielewa katika mambo yote ya vita vile.

Siku za kununua majani, simu ilikuwa ya Karani Odhiambo. Huyu alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye kofia ya manyoya hata jua likiwaka, aliyekuja kwetu kupima majani akakaa mpaka akajua kututania kwa Kikipsigis. Siku ambazo hakukuwa na kununua, boma zilizo karibu na kituo zilishika zamu.

Sasa hapa ndipo niwaeleze jambo la Kogo na hesabu. Kogo alikuwa mtu wa kanisa, wa kukaa benchi la mbele, lakini hakuhesabu kitu chenye uhai na hakukubali kihesabiwe mbele yake. Ng'ombe hahesabiwi. Mtoto hahesabiwi. Ukimwuliza ana watoto wangapi alikujibu, "Wako." Kilo za majani alihesabu, sahani alihesabu, na hakuna karani aliyewahi kumpunja, kwa sababu majani na sahani havina roho. Lakini kuelekeza kidole kwa kitu kinachopumua na kusema moja, mbili, tatu, huko kwake kulikuwa kukionyesha kifo mahali pa kuingilia.

Niliamini, na nilikuwa na sababu. Mwalimu alipotufundisha kuhesabu hadi mia nilirudi nyumbani nimejaa tarakimu, nikasimama kwenye lango nikawahesabu ng'ombe wetu kwa sauti na kidole, wote hadi wa mwisho. Wiki hiyohiyo mmoja alivimba tumbo akafa. Baba alisema amekula majani ya viazi yakiwa na umande. Kogo aliniangalia tu, halafu akaangalia kidole changu, na mimi nikakificha nyuma ya mgongo.

Siku ya zamu yetu baba alikuwa ameenda Chepilat kutafuta ndama wa kununua, na mama alikuwa amelala na homa. Kogo akasema yeye atakaa kituoni. Nilienda naye kwa sababu nilipenda ndege. Kogo hakujua jinsi nilivyozipenda. Kila moja nilikuwa nimeipa jina kama la ng'ombe, kwa alama yake. Ile yenye moshi mweusi mbavuni niliita Cheptui. Ya rangi ya kijivu iliyofifia, Cheparus. Mwenye namba iliyochubuka tumboni nilimwita Sukari. Na mmoja alikuwa amebadilishwa mkia wala hajapakwa rangi, mkia mweupe kabisa, naye nilimwita Chelel. Huyo ndiye niliyempenda kuliko wote, kwa sababu alipopita juu ya kituo alitikisa mabawa, na mimi niliamini ananitikisia mimi.

Zilipita katikati ya asubuhi, chini sana, mpaka mabati ya banda yakalia. Sikutaka kuhesabu. Lakini mtu akishajua kuhesabu hawezi kujizuia, macho yanahesabu yenyewe. Nne. Chelel alikuwa wa mwisho, na alitikisa mabawa.

Kogo akazungusha mkono wa simu, akaishika mbali kidogo na sikio.

"Wamebita," akasema. Ulimi wa Kogo haukujali sana p na b.

Sauti ya mwanamume ikauliza jambo.

"Wamebita wote."

Sauti ikauliza tena, nami nikaisikia kwa sababu sasa ilipandishwa: "Wote ni wangapi, mama?"

"Wote ni wale wako," Kogo akasema kwa upole, kama mtu anayemfunza kijana adabu. "Wako sawa. Mungu awalinde." Akaiweka simu chini.

"Kogo, ile ni chuma," nilimwambia. "Chuma si inahesabiwa?"

"Na ndani yake kuna nini?"

"Kuna mtu."

"Haya basi."

Mchana ukungu ulipanda kutoka bondeni, halafu mvua ya mawe ikapiga. Ilikuwa ile mvua yetu inayochana chai mpaka shamba linabaki vijiti, na Kogo alisimama mlangoni mwa banda akiangalia chai yake ikipigwa. Ilipopungua tukasikia ndege. Zilipita juu zaidi safari hii, kwenye mwanya wa mawingu, moja nyuma ya nyingine. Cheptui, Cheparus, Sukari. Nikangoja. Mwanya ukafungika.

Kogo alikuwa ameshashika simu. "Wamerudi," akasema. Ikaulizwa kitu. "Ndiyo, wote."

Nilifungua mdomo. Nawaambia ukweli kama ulivyokuwa: nilifungua mdomo, na tarakimu ikawa kwenye ulimi, na nikaufunga. Kwa akili yangu ya darasa la tatu mambo yalikuwa wazi na ya kutisha. Mimi ndiye niliyemhesabu asubuhi. Kama Chelel amepatwa na jambo, ni kidole changu tena, hata kama safari hii nilitumia macho. Na nikitamka sasa hivi kwamba wamerudi watatu, nitakuwa nimewahesabu na hawa waliosalia kabla hawajafika kwao. Nikanyamaza ili niwaokoe.

Kesho yake wanajeshi walikuja. Walijaza barabara ya kituo kwa malori, wakaingia kwenye chai kwa mistari wakiwa na fimbo, wakapanda hadi kwenye misitu iliyo mashariki yetu. Helikopta ilizunguka upande huohuo siku nzima. Ndege moja haikutua, watu walisema, na kwa kuwa kituo chetu kiliripoti kwamba wote wamerudi kupita kilima, lazima imeangukia kati yetu na uwanja. Ofisa mmoja alikuja nyumbani, akavua kofia mbele ya Kogo.

"Mama, una hakika walirudi wote?"

"Wote," Kogo akasema. Wala hakudanganya. Kwake wote lilikuwa neno la kuwatakia heri.

Nilikuwa nimeshika sketi yake kwa nyuma. Ofisa akaniangalia akatabasamu, akaniuliza kama ninapenda shule. Nikasema ndiyo. Tumbo likaanza kuniuma hapohapo, na halikuacha siku tatu. Mama, ambaye homa ilikuwa imemwachia, alinipa maji ya chumvi. Usiku, saa ya habari, tuliwasha redio, na redio haikutaja ndege yoyote. Ilisema tu kwamba nchi yetu haimo vitani na watu waendelee na kazi zao. Nikamwuliza baba kama hatumo vitani, yule mtu amepotelea wapi. Baba aliongeza sauti ya redio, ingawa zilikuwa zimefika habari za michezo.

Jioni ya siku ya tatu Kogo alikuwa langoni akipokea ng'ombe, kama kila jioni. Alisimama na kibuyu cha maziwa mkononi, na kila aliyepita alimgusa mgongo akamwita kwa jina. Hakuhesabu. Lango lilipokuwa bado wazi alisema, bila hata kugeuka, "Nyange hajafika." Na kweli, Nyange, mtamba wetu mkorofi, alikuwa amebaki kwenye nyasi za jirani.

Kumbe mtu anaweza kujua nani hayupo bila kusema ni wangapi wapo. Kogo alikuwa akifanya hivyo mbele yangu kila siku ya maisha yangu, na mimi, mtoto wa shule mwenye tarakimu mia, sikuwa nimeona.

"Kogo," nikasema, "Chelel hajafika."

"Chelel gani? Hatuna Chelel."

"Ndege ya mkia mweupe. Ile siku ya mvua ya mawe. Alienda, hakurudi. Cheptui alirudi, Cheparus alirudi, Sukari alirudi. Chelel hakurudi."

Kogo hakuniuliza kwa nini sikusema. Niliona tu uso wake ukizeeka. Aliweka kibuyu chini kwenye matope, yeye ambaye hakuwahi kuweka kibuyu chini, akaacha lango wazi na ng'ombe wakitoka tena kuelekea chai, akapanda njia ya kituo karibu anakimbia. Nilimfuata nikilia. Karani Odhiambo alikuwa anafunga banda.

"Fungua," Kogo akamwambia.

"Mama, kuna nini?"

"Fungua simu."

Alizungusha ule mkono mpaka nikadhani utang'oka. Sauti ikajibu. Karani alimwangalia, akaniangalia na mimi. Halafu Kogo akafumba macho, akasema neno ambalo sijawahi kumsikia akilisema juu ya mtu, kabla ya siku hiyo wala baada yake.

"Mmoja," akasema. "Mmoja hakurudi. Amebotea ng'ambo, mahali jua linaingia. Si huku mnatafuta. Mimi nilisema mbaya."

Usiku huohuo malori yalipita yakielekea magharibi.

Yaliyofuata sijayaelewa hadi leo, na si kwa kukosa kuuliza. Baba aliniambia walimkuta rubani kwenye bonde la mto ng'ambo ya Sotik, na kwamba alikufa papo hapo siku ileile ya mvua, hakuumia hata kidogo. Mama alisema hawakumkuta kabisa. Watoto tuliochunga nao walikuwa na habari yao, kwamba alikutwa ameegemea mti, mguu umefungwa kwa kamba za mwavuli wake wa kurukia, na kando yake majivu ya moto mdogo na maganda ya mahindi mabichi. Ikiwa hivyo, alikaa hai akingoja. Siku moja au mbili, au siku zote tatu nilizokunywa maji ya chumvi. Nilimwendea Karani Odhiambo, nikijua yeye ni mtu wa vitabu na hana haja ya kunifariji. Alikuwa anapima majani ya mtu. Alisoma mizani, akaandika, akasema, "Nyathina, mtoto wangu, hiyo kitabu yangu ni ya majani peke yake." Kisha akavua ile kofia ya manyoya akaipangusa, ingawa haikuwa na kitu.

Wala sikujua ni nani aliyemwangusha. Wengine walisema ni majirani wa huku, wengine wakasema wa kule, wengine mvua ya mawe. Vita viliisha majirani wakapatana, na viongozi wao wakaja kwetu kutia sahihi kwa sababu sisi tulikuwa watu wasio na upande. Tulipanga mstari barabarani tukapunga bendera za karatasi. Niliwapungia wote wawili, nikiwachunguza nyuso ili nijue ni yupi, na wote walitabasamu vizuri.

Kuanzia wiki ile Kogo aliongeza jina langoni. Ng'ombe wakishaingia wote, akishamwita wa mwisho, alisimama kidogo akiangalia njia, akaita, "Chelel." Si kwa sauti kubwa. Halafu akafunga. Wajukuu waliozaliwa baadaye waliuliza Chelel ni ng'ombe gani, akawaambia, "Bado hajafika." Alipokuwa mzee sana na ng'ombe wamebaki wa kumsindikiza tu, shangazi zangu waliona ni akili inayopungua. Hawakujua, na mimi sikuwaambia. Niliogopa. Miaka yote ile nilidhani analiita jina hilo ili nisisahau nilichofanya.

Mwaka jana, akiwa kitandani, nilipata ujasiri. Tulikuwa wawili tu, namlisha uji.

"Kogo, yule rubani. Walimpata akiwa hai?"

Akameza kwanza. "Sikuuliza."

"Miaka hii yote? Yule ofisa alirudi hapa, nakumbuka. Si ungemwuliza?"

"Ningeuliza, angeniambia alingoja siku ngapi," akasema. "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi ndiye nilikuwa na simu."

Nilishika kile kijiko mpaka uji ukapoa. Kumbe mzigo niliokuwa nikiubeba peke yangu, mwenzangu alikuwa ameubeba wote, upande wa pili wa ukuta, akidhani na yeye yuko peke yake. Tungeongea mapema. Inaniuma kwamba hatukuongea.

Basi nilizifuta nafasi za Kiprono, nukta zote. Nikaandika majina. Watoto wake kwa majina, pamoja na wale waliokufa wachanga ambao yeye mwenyewe aliwataja kila alipoomba. Wajukuu kwa majina, vitukuu kwa majina, hata aliyezaliwa juzi ambaye jina lake bado halijatulia. Ilijaza kurasa mbili. Nilimtumia saa saba unusu, na baada ya muda simu ikalia.

"Umeandika kitabu," Kiprono akasema. "Printa analalamika. Na nimehesabu hiyo orodha yako mara mbili. Kuna mmoja amezidi."

"Nani?"

"Hapa mwisho, baada ya huyu mtoto mchanga wa Faith. Chelel. Huyo ni wa nyumba gani? Si nitoe?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko, nikiliona lango la ng'ombe ambalo tangu msiba uingie hakuna aliyekumbuka kulifunga.

"Usitoe," nikamwambia. "Ni wa nyumba ya Kogo. Alikuwa amechelewa tu."